Waliviacha Wapi Vile Vyombo vya Mwezini?

Leo naweka kando habari za programu na virusi, tuzungumze historia kidogo. Kuna swali nililoulizwa hapa Masalani ambalo limenikaa kichwani kwa majuma kadhaa. Mzee mmoja jirani yetu, mfugaji, alikuwa akisikiliza nikiwasimulia vijana habari za safari za Apollo. Nilipomaliza akaniuliza: "Kijana wangu, walikwenda na chombo kirefu kama mnara, wakarudi na kitu kama mtungi. Vile vingine walivitupa wapi? Na sasa ni vya nani?"

Nilisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, na nawaambia hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Sote tunajua nani alikanyaga Mwezi kwanza. Habari za bendera tunazijua. Lakini vyombo vyenyewe, vilivyogharimu mabilioni ya dola, viliishia wapi?

Haya, tuanze na hesabu. Roketi ya Saturn V ilikuwa na urefu wa karibu mita 111, na uzito wake ilipokuwa tayari kuruka ulikuwa karibu tani 3,000. Kilichorudi Duniani ni kapsuli moja ya takribani tani 5, ikiwa na watu watatu na mawe yao, ikining'inia kwenye miavuli hadi baharini. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya zile tani ilikuwa mafuta, nayo yaliungua. Lakini matangi, injini, nyaya na hata kompyuta nzima ziliachwa njiani, kimoja kimoja, kama msafiri anayetua mzigo kila anapochoka.

Hatua mbili za kwanza za roketi zilianguka katika bahari ya Atlantiki dakika chache tu baada ya kuruka. Ziko huko chini hadi leo, isipokuwa vipande vya injini ambavyo kundi lililogharimiwa na Jeff Bezos, yule wa Amazon, liliviopoa mwaka 2013 kutoka zaidi ya kilomita 4 chini ya maji. Walipokuwa wakivisafisha, wakaona namba kwenye kimojawapo: ilikuwa injini ya Apollo 11.

Hatua ya tatu ndiyo yenye visa. Hiyo ndiyo iliyowasukuma wanaanga waondoke kwenye Dunia kuelekea Mwezini, kwa hiyo yenyewe pia ilikuwa inaelekea kulekule. Zile za Apollo 8, 10 na 11 ziliachwa zipite kando ya Mwezi, na uvutano wa Mwezi ukazirusha hadi zikawa zinalizunguka Jua. Kuanzia Apollo 13 wakabadili mpango: ziangushwe Mwezini kwa makusudi. Sababu ni kwamba wanaanga wa Apollo 12 walikuwa wameacha huko kipima-mitetemo, na wanasayansi walihitaji kishindo ambacho uzito wake na kasi yake vinajulikana, ili waelewe mawimbi yanasafiri vipi ndani ya Mwezi. Basi Aprili 1970 hatua ya tatu ya Apollo 13, pipa tupu la karibu tani 14, ikagonga Mwezi, na kipima-mitetemo kikaandika mtikisiko kwa zaidi ya saa tatu. Shimo lake, lenye upana wa mita 30 hivi, limeshapigwa picha. Mnajua jinsi safari ile ilivyoharibika njiani na wanaanga wakaponea chupuchupu. Katika vyote vilivyoondoka Duniani siku ile, lile pipa tupu ndilo peke yake lililofika Mwezini.

Ile ya Apollo 12 nayo ilileta kioja chake baadaye. Haikupata kasi ya kutosha kwenda kulizunguka Jua kama ilivyokusudiwa, ikabaki ikitangatanga, na watu wakaisahau. Septemba 2002 mtazamanyota mmoja, Bill Yeung, akaona kitu kinachoizunguka Dunia, akadhani amegundua jiwe la angani. Kikaandikishwa kwa jina la J002E3. Wataalamu walipochunguza mwanga wake wakakuta rangi yake inafanana na rangi nyeupe iliyopakwa roketi za Saturn. Ilikuwa hatua ya tatu ya Apollo 12, imerudi kusalimia baada ya miaka 30 na ushee! Mwaka 2003 ikaondoka tena kwenda kulizunguka Jua.

Sasa tuje kwenye chombo cha kutua chenyewe. Kilikuwa kama nyumba ya ghorofa mbili. Ghorofa ya chini ilikuwa na miguu minne na injini ya kushukia. Ya juu ilikuwa chumba cha wanaanga na injini ndogo ya kupandia. Walipomaliza kazi waliwasha injini ya juu, wakaiacha ya chini pale pale kama jukwaa. Zipo sita, na hazijasogea. Tangu 2009 setilaiti ya Marekani iitwayo Lunar Reconnaissance Orbiter imekuwa ikizipiga picha, na ukizitazama picha hizo unaona hata vivuli vyake na vijia vya nyayo za watu kuizunguka kila moja.

Ghorofa za juu ndizo zilizonikosesha usingizi. Wanaanga walipokwisha kuhamia kwenye chombo mama, ghorofa ya juu haikuwa na kazi tena. Ilifunguliwa ikaachwa. Ya Apollo 12, iliyoitwa Intrepid, iliangushwa kwa makusudi tarehe 20 Novemba 1969, na Mwezi ukatikisika kwa karibu saa nzima kama debe tupu lililogongwa. Wataalamu walipigwa na butwaa, maana huku kwetu Duniani kishindo cha namna hiyo kingekwisha baada ya dakika chache. Mwezi ni mkavu, na ardhi yake ya juu imepasukapasuka. Hakuna maji ya kuyameza mawimbi. Za Apollo 14, 15 na 17 ziliangushwa vivyo hivyo. Ya Apollo 16, Orion, iliwashinda: ilipoachiliwa ikaanza kubingirika ovyo, haikuweza kuongozwa, wakaiacha ianguke yenyewe.

Ya Apollo 13, Aquarius, ndiyo iliyowaokoa wale watatu, kwa hiyo ilirudi nao mpaka kwenye mlango wa Dunia ndipo wakaitupa. Ndani yake kulikuwa na mzigo ambao haukukusudiwa kurudi: kasha la plutoni ya karibu kilo 3.8, la kuendesha vifaa vya kisayansi Mwezini. Liliangukia Pasifiki, kwenye vilindi vya Tonga, na vipimo vilivyofanywa havikuonyesha kwamba lilivuja. Kasha lilitengenezwa livumilie moto wa kuingia angani, na inaonekana lilivumilia.

Imebaki moja. Eagle, ya Apollo 11, ile ya Armstrong na Aldrin.

Eagle iliachwa tarehe 21 Julai 1969 ikiuzunguka Mwezi kwa urefu wa kilomita 100 na kidogo. Haikuangushwa. Wakati ule wahusika walichukulia kwamba njia yake ingelegea yenyewe na baada ya muda chombo kingeanguka, basi. Hakuna aliyekuwa akiifuatilia. Vitabu vingi vikaandika kwamba ilianguka mahali pasipojulikana, na kwa miaka 50 hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi.

Hapa nitaongea kidogo kama mtu wa programu. Ukiandika programu kwa lugha ya C, ukiomba nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta ni juu yako kuirudisha ukimaliza. Usipoirudisha, inabaki imeshikwa bure. Lugha nyingine, kama Java, zina mfagizi wake anayepita nyuma yako akiokota ulichoacha. Dunia ina mfagizi, naye ni hewa. Hata kilomita 400 au 500 juu kuna hewa nyembamba sana ambayo hukisugua chombo, ikakipunguzia mwendo siku baada ya siku, mpaka kinashuka na kuungua. Mwezi hauna mfagizi. Hakuna hewa ya maana huko. Kitu kilichoachwa kinaendelea kuzunguka, na kama kitaanguka, lazima kuwe na sababu nyingine.

Sababu nyingine ipo. Mwaka 1968 wataalamu wawili wa Marekani, Paul Muller na William Sjogren, waligundua kwamba uvutano wa Mwezi haulingani kila mahali. Chini ya yale mabonde makubwa meusi tunayoyaona usoni mwa Mwezi kuna mapande mazito ya miamba, na kila chombo kinapopita juu yake kinavutwa kidogo zaidi. Fikiria unaendesha baiskeli barabara ya mchanga yenye mashimo: hakuna shimo moja linalokuangusha, ila kila moja linakusukuma kando kidogo. Apollo 16 walilipata somo hilo waziwazi. Aprili 1972 waliachia kisetilaiti kidogo cha kilo 36 kiuzunguke Mwezi. Njia yake ikavutwa huku na kule, na baada ya siku 35 tu kikajipiga chini. Kingine cha aina hiyohiyo, kilichoachwa na Apollo 15 mwaka mmoja kabla, kilidumu muda mrefu zaidi sana. Tofauti ilikuwa ni njia tu waliyoanzia. Leo inajulikana kwamba kuna miinamo michache ya njia ambayo ile misukumo hujifuta yenyewe, na chombo kinaweza kukaa miaka na miaka.

Je, Eagle iliachwa kwenye njia ya aina gani?

Mtu aliyeliuliza swali hili kwa kompyuta ni mtafiti Mmarekani James Meador, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Alitaka kujua ilianguka wapi, ili aende kwenye picha akalitafute shimo lake. Alikuwa na vitu viwili ambavyo watu wa 1969 hawakuwa navyo. Cha kwanza ni ramani ya uvutano wa Mwezi iliyopimwa mwaka 2012 na vyombo viwili vya GRAIL, ambavyo navyo, kazi ilipokwisha Desemba mwaka huohuo, viliangushwa Mwezini. Cha pili ni programu ya NASA iitwayo GMAT, ambayo ni programu huria, ya bure, na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Akaweka namba za njia ya Eagle ya 1969, akaiambia programu iendeshe miaka mpaka leo.

Eagle haikuanguka. Akazibadilisha zile namba za mwanzo kidogo kidogo, maana vipimo vya wakati ule havikuwa kamili, akairudia kazi mara nyingi. Bado haikuanguka. Njia yake iko karibu kabisa na ikweta ya Mwezi, na hapo misukumo ya yale mapande mazito inainyoosha na kuibana kwa zamu bila kuishusha. Kama hesabu hiyo ni sahihi, basi chombo cha kwanza kuwapandisha watu kutoka Mwezini kingali huko juu, kikizunguka mara moja kila saa mbili hivi. Piga hesabu mwenyewe: tangu 1969 ni karibu mizunguko robo milioni, bila mtu yeyote kukitazama.

Maoni yangu ni haya. Kuhusu hesabu namwamini. Ninachokitilia shaka ni chuma. Kulikuwa na mafuta yaliyobaki kwenye matangi, aina ya mafuta yanayowaka yenyewe yakikutana, na kulikuwa na betri. Matangi yakizeeka huvuja, na Meador mwenyewe anakubali kwamba mlipuko unaweza kuwa ulikimaliza chombo zamani. Hilo programu ya njia haiwezi kulijua.

Nimetaja mfagizi wa Dunia, yaani hewa nyembamba ya juu. Sasa naomba tushuke kutoka Mwezini mpaka kwenye mlango wa mto wetu, kwa sababu vipimo vya yule mfagizi vilichukuliwa kwetu. Tana inapita hapa Masalani, inateremka hadi Kipini, inaingia Bahari ya Hindi kwenye ghuba ya Ungwana. Upande wa kusini wa ghuba hiyohiyo, mbele ya Ngomeni, yamesimama majukwaa ya chuma ya San Marco. Kwa mstari mnyoofu si zaidi ya kilomita 150 kutoka hapa nilipo. Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio waliyaweka pale katika miaka ya 1960, karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa Dunia unaisaidia zaidi roketi inayorushwa kuelekea mashariki.

Setilaiti ya kwanza kurushwa pale iliruka tarehe 26 Aprili 1967, miaka miwili kabla ya Eagle. Ilikuwa tufe, na kazi yake ilikuwa moja: kupima hewa inaisugua kiasi gani. Broglio alibuni mzani wa ajabu. Ganda jepesi la nje liliunganishwa na kiini kizito cha ndani kwa mikono inayonepa kama spiringi. Hewa ikilisukuma ganda, ganda linarudi nyuma kidogo kuliko kiini, na ile tofauti ndogo ndiyo kipimo. Yaani setilaiti ilikuwa ikipima kile kile kinachoiua. Oktoba mwaka huohuo ikaungua. Nyingine za San Marco zikafuata 1971, 1974 na 1988, na zote zikaishia vilevile. Kwangu mimi hizi ni setilaiti nyofu kuliko zote: zilikwenda kupima kifo chao, zikatuma namba nyumbani mpaka karibu na mwisho.

Maarufu zaidi, bila shaka, ni Uhuru. Ilirushwa kutoka San Marco tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, na Marjorie Townsend wa NASA, aliyeusimamia mradi, akaipa jina hilo la Kiswahili. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutazama miale ya eksirei kutoka mbinguni. Ilikusanya orodha ya vyanzo 339, ikasaidia kuonyesha kwamba kile kitu kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Njia yake ilikuwa imeinama nyuzi 3 tu kutoka ikweta. Masalani iko chini ya nyuzi 2 kusini. Kwa hiyo kila baada ya dakika 100 hivi, mchana na usiku, kwa miaka minane, Uhuru ilipita juu ya Ijara au jirani yake. Aprili 1979 hewa ikaishusha, ikaungua. Nairobi tuna barabara ya Uhuru na bustani ya Uhuru. Setilaiti ya Uhuru haina hata kaburi.

Kwa nini 1979? Kwa sababu Jua lilikuwa limechangamka. Jua likichangamka hewa ya juu hupata joto na kuvimba, na mfagizi anakuwa na nguvu zaidi. Uhuru haikuwa peke yake. Julai mwaka ule Skylab nayo ilishuka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Skylab ilikuwa kituo cha anga cha Marekani, na bodi lake lilikuwa ile ile hatua ya tatu ya Saturn niliyoieleza juu, iliyogeuzwa kuwa nyumba. Pipa la tani 70 na zaidi haliungui lote. Vipande vyake vilitawanyika karibu na mji wa Esperance, magharibi mwa Australia, na halmashauri ya pale ikaitoza NASA faini ya dola 400 kwa kutupa taka. Ilikuwa nusu mzaha. Faini ililipwa mwaka 2009, na aliyeilipa ni mtangazaji wa redio aliyechanga kwa wasikilizaji wake!

Mzaha unapungua ukisogea nyumbani. Tarehe 30 Desemba 2024, saa tisa alasiri hivi, pete ya chuma yenye upana wa karibu mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga la Kenya likafika, likaichukua, na likasema kwa tathmini ya awali ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, kitu ambacho kwa kawaida hutarajiwa kuungua angani au kuangukia baharini. Kilo 500! Watu wa Mukuku hawakuwahi kurusha roketi. Sisi wa huku tuna sababu ya kusikiliza habari hii vizuri. Setilaiti yoyote, imeiname vipi njia yake, lazima iikate ikweta mara mbili kila mzunguko.

Na hapo ndipo linapoingia swali la pili la yule mzee: ni vya nani?

Mfugaji angeijua sheria hii bila kuisoma. Ngamia mwenye chapa akipotea na kukutwa malisho ya mbali, hawi mali ya aliyemwona. Chapa inabaki chapa. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema hivyo hivyo: kitu kilichorushwa angani kinabaki mali ya mwenyewe kikiwa huko juu, na hata kikirudi chini. Kwa hiyo Eagle, kama ipo, ni mali ya Marekani. Pipa la J002E3 ni la Marekani. Na ngamia wako akila shamba la mtu utalipa: Mkataba wa Dhima wa 1972 unalitaka taifa lililorusha kitu lilipe madhara kitakachofanya ardhini, bila mdaiwa kusema "haikuwa kusudi langu". Umeshatumika. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliangukia kaskazini mwa Kanada ikiwa na mtambo wa nyuklia, na mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada. Kenya ni mwanachama wa mikataba yote miwili. Ugumu uko kwenye kuithibitisha chapa. Pete iliyoungua haiji na jina la mwenyewe.

Mwezini kuna ugumu wa namna nyingine. Mkataba uleule wa 1967 unakataza taifa lolote kuumiliki Mwezi au sehemu yake. Huku kwetu tunasema aliyechimba kisima ana haki yake, lakini malisho ni ya wote. Basi zile ghorofa sita za chini zina mwenyewe, na ardhi iliyo chini yake haina. Nyayo je? Nyayo si kitu kilichorushwa. Zimo kwenye vumbi lisilo la mtu, na injini ya chombo kipya kikitua karibu inaweza kuzifuta zote kwa sekunde chache, maana vumbi la Mwezini, bila hewa ya kulizuia, huruka kama risasi. NASA ilitoa mapendekezo mwaka 2011 kwamba wageni wasitue karibu na sehemu hizo, na mwishoni mwa 2020 Marekani ikapitisha sheria ya kuzilinda, lakini sheria hiyo inawabana wanaofanya kazi na NASA tu. Mataifa yaliyotia saini Mapatano ya Artemis, wakiwemo Rwanda na Nigeria tangu Desemba 2022, yameahidi kuhifadhi urithi huo. Ahadi si mkataba. Mimi naona nyayo zile ni za kulindwa kuliko hata mabati, kwa sababu mabati mengine yanaweza kutengenezwa.

Na vyombo vipya vitaachwa pia. Safari za Artemis zina vyombo vyake vya kutua, vikubwa mno kuliko Eagle, na kila kimoja lazima mtu aamue: kiangushwe, kirushwe kwenda kulizunguka Jua, au kiachwe. Wale wa 1969 wangalau walikuwa na sababu. Ramani ya uvutano hawakuwa nayo.

Je, Eagle inaweza kutafutwa? Inawezekana. India ilipoteza mawasiliano na chombo chake Chandrayaan-1 Agosti 2009 kikiuzunguka Mwezi. Ni kisanduku cha mita moja na nusu kila upande. Mwaka 2017 wataalamu wa NASA walitangaza kwamba wamekiona kwa rada kutoka hapa Duniani, kipo bado, kinazunguka. Eagle ni kubwa kuliko hicho kisanduku, ingawa njia yake iko ikweta ya Mwezi na si juu ya ncha kama ya Chandrayaan, jambo linaloongeza kazi. Meador mwenyewe amependekeza rada ijaribiwe.

Kwa wenye hamu ya kujionea: GMAT inapatikana bure kwenye mtandao, na ramani ya GRAIL vilevile. Mimi nimeiweka kwenye kipakatalishi changu cha kawaida kabisa. Chagua Mwezi kama kitovu, weka njia ya karibu kilomita 99 kwa 117 iliyo karibu na ikweta, ikielekea kinyume na mzunguko wa Mwezi, halafu iache iende. Usitumie ramani yote kwa kina mara ya kwanza, kompyuta itahema. Anza na kina kidogo kisha uongeze. Inachukua muda, kwa hiyo iwashe jioni uende kulala. Asubuhi angalia kama urefu wa chini kabisa umewahi kufika sifuri. Ukipata jibu tofauti na la Meador, niandikie, tulinganishe namba tulizoanzia.